Maziwa Yanayoua

Sisimizi mmoja alikufa ndani ya kisahani nyumbani kwa bukwe yangu, mtaa wa Bel-Air, na kwa sababu ya kifo hicho mjukuu wangu akakatazwa maziwa ya mama yake.

Bukwe, kwetu Lubumbashi, ni yeyote uliyeunganishwa naye na ndoa. Huyu ninayemsema ni mama wa mume wa binti yangu. Wazazi wake walitoka Kasai wakaja kutafuta maisha hapa, yeye akazaliwa hapa, akasoma, akafungua duka la vitenge, akawa mwanamke ambaye akiingia kanisani watu wanasogea bila kuombwa. Sikuwahi kugombana naye. Mabukwe hawagombani. Wanatabasamu, wanameza mate, kisha kila mmoja anarudi kwake kugombana na sufuria.

Kipimo chenyewe wanawake wengi wa umri wangu wanakijua. Tone la maziwa ya mzazi linatiwa kwenye kisahani, na sisimizi anawekwa katikati yake. Akijikokota akatoka, maziwa ni mazuri. Akifa, maziwa ni makali, na mtoto asiyanywe tena. Kipushi nilikokulia walikuwa wanafanya hivyo hivyo, na mimi mwenyewe nilipojifungua nilikaa roho juu mpaka sisimizi wangu alipofika ukingoni. Leo najiuliza ni sisimizi gani anayejua kuogelea. Mtie hata kwenye supu ya harusi, atakufa.

Lakini siku binti yangu aliponipigia simu kazini sikuwa na hamu ya mzaha. Aliongea kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa amejifungia chooni.

"Mama, banasema maziba yangu iko mubaya. Balitiamo kadudu, kakafwa."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kilikuwa na mtu. Mwenzangu akanisukuma, akaniona uso, akaniachia.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa kiasi hicho. Mtoto, msichana, alizaliwa kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa mdogo hata kuku wa kienyeji aliyenona angemshinda uzito, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Hospitali ilimfundisha binti yangu kukamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha taratibu, na kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi ili apate joto. Walipowaruhusu kwenda nyumbani walimpa pia chupa ndogo ya matone ya chuma, sisi tunaita fer, kwa sababu watoto wa namna hiyo huishiwa damu upesi. Wakaenda kukaa kwa bukwe, ambako kuna kisima cha kuchimba na jenereta ya kufaa siku umeme unapokatika, yaani karibu siku zote. Mume wa binti yangu alikuwa Mokambo akihangaika na malori mpakani.

Shida ilikuwa kikombe. Maziwa yakiwa ndani ya ziwa hakuna anayeyatolea hukumu, ila yakiwa kwenye kikombe kila anayepita anachungulia. Waliyaona mepesi, yana rangi ya kibluu, si kama maziwa ya kopo yanavyokuwa mazito. Mtoto hakuwa anaongezeka uzito, choo chake kilikuwa kijani. Bukwe aliyaangalia hayo yote siku kadhaa, halafu akaenda kumtafuta sisimizi.

Na mimi nilijua kinachofuata baada ya sisimizi. Kinachofuata ni maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ambayo hujui yamepita wapi, chupa iliyosuuzwa haraka, chuchu ya mpira iliyoanguka sakafuni ikafutwa na kitenge. Mtoto mkubwa anaweza kuyashinda hayo. Huyu wetu hakuwa na kitu cha kupigana nacho isipokuwa kile kilichokuwa kwenye kikombe. Nalisema hili kwa sababu ndiyo kazi yangu, wala si kwa sababu mimi ni bibi yake.

Mimi ni fundi wa maabara. Labo yetu ni ndogo, ina madirisha yasiyofunga vizuri na vumbi jekundu la kiangazi linalotufuata mpaka ndani ya mirija, lakini tunachokifanya humo nakipenda kuliko ninavyopenda watu wengine. Tunachunguza protini za maziwa ya mama zinazoua bakteria. Iliyo maarufu zaidi kwetu inaitwa laktoferini. Ukitaka kuifikiria, fikiria mtu mwenye mikono miwili. Kila mkono unaweza kukamata punje moja ya chuma, na ikikamata haiachii kirahisi. Bakteria wanahitaji chuma ili wazaane, kwa hiyo laktoferini yenye mikono mitupu inawanyang'anya chakula. Tena inawabana kwenye ngozi yao mpaka ngozi inatoboka, na protini nyingine inayoitwa lisozimu inaingia kumalizia.

Swali letu la kila siku ni hili: vitu vidogo vinafanya nini kwa protini hizo? Nasema vidogo, vidogo kabisa, protini ikiwa gunia hivyo ni njugu. Chumvi ikizidi, protini inalegea. Kalsiamu ikizidi, inashindwa kuing'ang'ania ngozi ya bakteria. Na chuma ndicho kiboko. Ukitia chuma cha kutosha, laktoferini inajaza mikono yote miwili, na hapo inabaki imesimama kama mtu aliyebeba ndoo mbili anayetazama mwizi akiingia nyumbani kwake. Ni protini ile ile, haikuvunjika wala haikuoza, ila haiui tena kama mwanzo.

Mkuu wetu wa labo ana kawaida ya kutukumbusha kwamba mambo ya sahani ya labo siyo mambo ya tumbo. Tukifurahia matokeo anatuambia hivyo, tukiyahuzunikia anatuambia hivyo. Nilikuwa nadhani ananichosha tu.

Jioni ile nilikwenda Bel-Air. Kwa bukwe huanzi na jambo lako. Nilikaribishwa, nikaletewa maji, nikaulizwa habari za kaburi la mama yangu ambalo lilikuwa linasubiri kujengwa, tukazungumza juu ya bei ya unga, juu ya mvua iliyogoma kunyesha, na muda wote huo nilikuwa namsikia mtoto akilia chumbani, kilio chembamba kama cha paka mdogo, na nikijua analilia nini. Niliapa moyoni kwamba akiniuliza habari ya mtu mwingine tena nitapiga kelele, naye akaniuliza habari za dada yangu wa Lukafu na shamba lake la mihogo, na nikajibu kwamba hajambo na mihogo haijambo.

Hatimaye alilifikia mwenyewe. Alisema kwa upole kwamba maziwa yamepimwa na yameshindwa, kwamba hamlaumu binti yangu, kwamba jambo hili humpata mwanamke yeyote. Kopo lilikuwa limeshanunuliwa, nililiona juu ya meza. Sikumwambia kwamba kipimo chake ni upuuzi. Ningemwambia hivyo, ningekuwa nimemtukana ndani ya nyumba yake, na binti yangu ndiye angebaki humo kulipa. Nilimwambia tu kwamba kazini kwetu kuna kipimo kingine cha maziwa, cha labo, na nikamwomba ruhusa nikitumie.

Kisha akasema, "Mashini haina jamaa. Ipime. Yenye itasema, njo tutafuata."

Nilitaka kumbusu mikono. Alikubali pia kwamba mpaka jibu litoke mtoto aendelee na maziwa ya mama yake, kidogo kidogo. Binti yangu alinikamulia kiasi kwenye kichupa, nikakiweka ndani ya termosi yenye barafu, nikaikumbatia kwenye teksi njia nzima hata dereva akaniuliza kama nimebeba dawa ya kienyeji.

Kesho yake nilifanya kazi ambayo nimeifanya mara nyingi, na mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Niliondoa mafuta, nikachanganya maziwa na bakteria, nikayaacha muda wake, nikapaka kwenye sahani za kuoteshea vijidudu. Sahani tatu, kama tunavyofanya siku zote. Ya kwanza bakteria peke yao. Ya pili bakteria na maziwa. Ya tatu bakteria na maziwa yaliyotiwa chuma, kwa sababu kama ya pili ikiwa safi na ya tatu ikajaa, unajua ni protini iliyoua na si bahati. Ni desturi ya kazi yetu, hatufikirii hata kuiacha. Nikazifungia kwenye kabati la joto, na umeme ukakatika.

Sikuondoka labo siku ile mpaka mafuta ya jenereta yalipopatikana. Nilikuwa nalishika kabati kwa kiganja kila baada ya dakika chache kama mtu anayepima homa. Wenzangu walinicheka, wakasema leo umezaa wewe. Nilicheka nao, kiganja kikiwa bado juu ya kabati.

Asubuhi iliyofuata nilizitoa. Sahani ya kwanza ilikuwa imejaa madoa ya bakteria, hakuna pa kuweka kidole. Ya pili ilikuwa karibu tupu. Ya tatu ilikuwa imejaa tena. Nilikaa nikalia. Maziwa ya binti yangu yalikuwa na nguvu kama ya mama yeyote tuliyewahi kumpima, na zaidi ya wengine. Nikazipiga picha na simu, nikakimbilia Bel-Air kabla hata ya kuvua koti la labo.

Bukwe alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akataka kuelezwa kila sahani. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, naweza kusema, kwa maneno rahisi, na mikono miwili na kila kitu. Alirudi kwenye picha ya pili akaikuza kwa vidole.

"Kumbe ni kweli, inaua," alisema.

Nilisema inaua vijidudu, haiui mtoto. Aliitikia kwa kichwa polepole. Akageuza kwenye picha ya tatu, akauliza mbona hii haikuua chochote wakati maziwa ni yale yale. Nikajibu kwamba hiyo tuliitia fer, na fer inayaondolea maziwa nguvu ya kuua. Akasema aah. Akanirudishia simu, akaagiza niletewe chakula, na kopo likaondolewa mezani mbele ya macho yangu. Nilikula bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, kama mtu aliyetoka kifungoni.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuimba. Binti yangu akipiga simu ananiambia mtoto anakunywa, mama mkwe wake amebadilika, sasa yeye mwenyewe anamsaidia kutayarisha maziwa. Sikuuliza anayatayarishaje. Maziwa ya mama hayana matayarisho, na mimi ninayejua hivyo sikuuliza.

Kisha akanipigia akisema tumbo la mtoto limejaa, limekuwa gumu, anatapika, na mwili una moto.

Niliwakuta sebuleni wakijiandaa kwenda hospitali. Juu ya meza palikuwa na termosi na kikombe cha mtoto, na ndani ya kikombe maziwa yalikuwa na rangi ya kutu. Niliyanusa. Yalinuka misumari. Nikafungua termosi, nayo rangi ile ile, na vuguvugu, yamekaa humo tangu asubuhi. Nilimgeukia bukwe, na sauti iliyonitoka haikuwa ya bukwe kwa bukwe. Nilimuuliza ametia nini.

Hakuelewa hasira yangu. Alionekana ameumia, kama mtu aliyefanya kazi nzuri akatukanwa.

"Fer ya dokta. Weye mwenyewe ulinionyesha. Na fer, maziba haiue tena."

Nilisimama pale na termosi mkononi. Kila kitu nilichomwambia alikuwa amekisikia sawasawa. Hakukosea hata neno. Sisimizi alisema maziwa yanaua, mimi nikaja na koti jeupe na picha nikathibitisha kwamba yanaua, kisha nikamwonyesha kinachoyazuia. Kwangu sahani ya tatu ilikuwa ushahidi, kwake ilikuwa dawa. Kila asubuhi alikuwa anamimina yale matone ya daktari ndani ya maziwa ya siku nzima, kwa kipimo cha macho, na kuongeza kidogo ili awe na hakika, kisha anayatunza kwenye termosi yapate joto jema. Alikuwa anamlinda mjukuu wake na maziwa ya mama yake.

Hospitalini walimchukua mtoto wakamwekea sindano ya maji na dawa. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Nilimwambia yote, nikimfuata nyuma kwenye korido kama mwanafunzi. Alisikiliza. Alisema ni maambukizo, yameanzia tumboni pengine, na kwamba hakuna atakayejua yaliingilia wapi: kikombe, termosi, maji, mikono, joto la kukaa siku nzima, au chuma ambacho kililaza ulinzi wa maziwa. Alisema mtoto bado anahitaji fer yake, asinyimwe, ila apewe mdomoni, kwa kipimo, mbali na maziwa, si kuchanganywa. Na apate maziwa ya mama yake, mara tu tumbo litakapotulia. Kwa mtoto mdogo hivi, alisema, hana dawa nyingine ya kumpa iliyo bora kuliko hiyo. Nilifikiri juu ya mkuu wangu na tumbo na sahani, nikaona aibu ya kukasirika naye miaka yote hiyo.

Tumbo likaanza kutulia. Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka. Daktari akasema mtoto amekua kidogo, ana nguvu ya kujaribu ziwa lenyewe, tuache habari za vikombe. Nilidhani tumeshavuka. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, gauni limelowa kifuani kwa maziwa, na alipoletewa mtoto alikunja mikono.

Alisema hapana. Alisema aletewe kopo.

Nilimwambia daktari amesema nini. Nilimwambia juu ya sahani, juu ya laktoferini, nikamwonyesha tena picha ile ya pili kana kwamba hakuwahi kuiona. Aliitazama simu, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe niliona mtoto wangu ananiogopa.

"Mama, hata weye ulisema inaua. Sitamupatia. Akikufwa ku maziba yangu, nitakuwa nani?"

Akageukia ukuta. Nesi alimrudisha mtoto kitandani. Alisema maziwa yasiponyonywa yatakauka, na hilo nilikuwa nalijua, na binti yangu pia alilijua. Alikuwa anasubiri yakauke.

Nilitoka kwenye korido kwa sababu ningebaki ndani ningempiga, na nilikuwa sijampiga tangu akiwa mdogo. Bukwe alikuwa amekaa kwenye benchi. Tangu siku ya termosi hatukuwa tumesema lolote zaidi ya salamu. Alikuwa haondoki pale, analeta chakula, anafua nguo za mtoto, anakaa. Nilikaa mwisho wa benchi lile lile. Niliyasema bila kumwangalia: kwamba mtoto ana nafasi ya kupona, kwamba nafasi yenyewe imo kifuani mwa mama yake, na mama yake ameikataa, mimi hanisikii tena, na sijui nifanye nini. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Wagonjwa wakapita na vitanda vya magurudumu vikapita. Halafu bukwe akaanza kuongea taratibu, akitazama mikono yake.

Alisema mtoto wake wa kwanza alikuwa mvulana. Mimi nilidhani nawajua wanawe wote, na huyo sikuwahi kumsikia. Alizaliwa mdogo, kama huyu wetu, na choo chake kilibadilika rangi, na mama mkwe wake akaleta kisahani. Sisimizi akafa. Wakamfunga matiti kwa kitambaa ili maziwa yakauke, wakawa wanamnywesha mtoto maji ya mchele, yenye sukari. Hakukaa sana. Baada ya mazishi walimfariji, wakamwambia maziwa yake yalikuwa yameshamharibu mtoto kabla hawajagundua, kwamba walichelewa tu kidogo. Waliofuata aliwapima wote mwenyewe, kwa woga, kabla hajathubutu kuwanyonyesha, na wote wakafaulu, akamshukuru Mungu. Ila yule wa kwanza, yeye mwenyewe ndiye aliyemuua, na aliishi akijua hivyo.

Ndipo nikaelewa kwa nini alitia fer na kuongeza kidogo ili awe na hakika.

Aligeuka akanitazama. Katika miaka yote ya ubukwe wetu hatukuwahi kutazamana machoni kwa muda huo.

"Ile sahani yako, bukwe. Ingekuwa maziba yangu ya ile siku, ingesema nini?"

Nilijua jibu. Nimepima maziwa ya wanawake wengi, wa mjini na wa vijijini, wanene na wakondefu, na sijaona ya mama hata mmoja yaliyokuwa na kosa aliloambiwa. Nilijua pia kwamba nikimjibu ninamwondolea hatia moja na kumpa kitu kibaya zaidi. Maziwa yake kama hayakuwa na kosa, basi mtoto yule alikufa bure, kwa maji ya mchele, huku chakula chake kikikaushwa chini ya kitambaa. Ningeweza kusema sijui. Mkuu wangu angesema sijui, na angekuwa amesema kweli. Nilitamani sana kusema sijui.

"Ingekuwa safi, bukwe," nilimwambia. "Sawa hii ya mutoto yetu."

Hakulia. Alipumua kwa mdomo, kama mtu aliyetua mzigo akagundua mgongo umevunjika. Mkono wake ulipanda ukashika kifua chake, upande mmoja, kisha upande mwingine, ukabaki hapo. Niliogopa kwamba nimemuua. Nilianza kuita jina la Mungu kimoyomoyo.

Kisha akasimama. Alirekebisha kitenge chake, akaingia chumbani, na mimi nikamfuata. Alimchukua mtoto kitandani pamoja na mipira ya dripu, akaenda upande wa ukutani alikogeukia binti yangu, akapiga magoti chini, yeye, ambaye watu humpisha kanisani kwa adabu. Alimwambia kwamba kile kipimo cha kisahani kilidanganya. Kilidanganya kwako, alisema, na kilinidanganya miye zamani, kabla yako, na yule wangu hakufwa na maziba, alikufwa na njaa. Binti yangu akageuka. Hakuwa amejua kwamba kulikuwa na yule.

"Muweke ku ziba," bukwe alisema. "Miye nitamushika kichwa."

Mtoto alihangaika, akateleza, akalia, akatafuta tena. Halafu akashika, na tukaona koo lake dogo likimeza. Bukwe aliendelea kupiga magoti, kichwa cha mtoto kimetulia kwenye viganja vyake, na alikuwa akimwita kwa sauti ya chini sana. Jina alilokuwa akiliita halikuwa la mjukuu wetu.